Kitabu Mbele ya Mama Mkwe

Walinichagua kwenye kamati ya wazazi kwa sababu moja tu: nina mdomo. Nadhani waliona mdomo ukiwa ndani ya kamati utauma kidogo kuliko ukiwa nje. Walikosea, lakini hilo si kosa langu. Mtu akikaribisha nyuki sebuleni asije kwangu kuuliza kwa nini amevimba.

Ng'ambo ya ziwa, Congo, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vilituvusha, na huku Zambia nauza samaki. Nanunua chisense, vile visamaki vidogo kama kucha, kwenye mitumbwi inayotoka Chisenga, naanika ufukweni Nchelenge, vikikauka napeleka Mwansabombwe. Makao yetu ya wakimbizi yako mbali kidogo na ziwa, ndani ya miti, na watu bado wananiita Mama Mwalimu, hata wale wanaoniibia kwenye mizani. Kiingereza nilijifunza uzeeni, kwa hasira, kwa sababu sikutaka watu wa ofisi waongee mbele yangu nisisikie.

Naishi na mjukuu wangu wa kike. Ana miaka kumi na saba na mtoto wa kiume anayetembea kwa kushika ukuta. Aliyempa mimba ni kijana wa shemasi wa kanisa letu. Makao yote yanajua, mbuzi pia wanajua. Mimba ilipoonekana nilikwenda kwa shemasi kwa heshima zote, nimejifunga kitenge kipya, sauti nimeilainisha mpaka nikajishangaa. Shemasi alinisikiliza, akaniambia: "Mama Mwalimu, mutoto wangu hajui ile mambo." Baada ya muda mfupi mtoto wake asiyejua ile mambo akapelekwa kwa mjomba wake huko Puta, ati kusoma. Kwetu haikuja kuku, haikuja jembe, hakuja mtu wa kusema samahani. Niliacha kwaya kwa hasira. Wabaya wangu wanasema kwaya ilipona siku ileile.

Sheria ya Zambia inamruhusu msichana aliyezaa kurudi shule, Mungu aibariki sheria hiyo. Mjukuu wangu akarudi, gredi ya tisa, akachagua dawati la mwisho karibu na mlango, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Mtoto nilibaki naye mimi mgongoni, juani, katikati ya harufu ya samaki, na sasa sijui kama atakuja kupenda chakula kingine. Mama yake alikuwa anakwenda na kurudi bila neno. Ukimuuliza leo mmesoma nini, anajibu: "Tulisoma." Aka! Na mimi ndiye nkambo wake, bibi yake mzaa mama, mtu ambaye kwetu mjukuu anaruhusiwa kumwambia hata yale asiyoweza kumwambia mama yake. Aliniambia "tulisoma", akaenda kuosha nepi.

Kilichomfungua mdomo ni kitabu. Mwalimu wa Kiingereza, kijana wa Copperbelt mwenye viatu vilivyochongoka, alikuja na sanduku la riwaya. Moja ilikuwa ya msichana wa mji wa migodi. Msichana huyo anamwibia baba wa kambo, anakunywa pombe, anatoroka, anapata mimba kwa kijana anayekimbia, anarudi nyumbani, anamtukana Mungu, kisha anamwomba radhi lakini si sana. Watoto waliigombania mpaka jalada likatoka.

Siku ilipofika zamu ya mjukuu wangu, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iliungua. Nilinusa moshi kutoka nje, nikaingia jikoni na kelele zangu zote, nikamkuta amechuchumaa, mwiko mkono huu, kitabu mkono ule. Kabla sijamaliza tusi la kwanza akainua kichwa, akasema: "Nkambo, nyamaza kwanza, huyu mutu yuko karibu kufa." Tangu azae hakuwahi kuniambia maneno mengi namna ile kwa mkupuo. Tulikula sombe yenye moshi na sikulalamika.

Kesho yake nilimwibia kitabu, nikaenda nacho ufukweni. Unangojea mitumbwi, jua linapanda, utafanya nini? Nikafungua ukurasa wa kwanza. Wauza samaki wenzangu wanasema kufikia saa tano nilikuwa napiga kelele: "Usifungue huo mlango, mjinga wee!" Waliuliza nagombana na nani, nikawaeleza. Siku zilizofuata ikawa mtumbwi haujafika, wanauliza: "Yule mtoto amerudi kwao?" Mmoja, mama wa Kibemba anayejua Kiswahili cha bei tu, alinitaka nimsimulie kwa Kibemba. Nilipofika kwenye baba wa kambo alitema mate akasema anamjua mtu huyo, anaishi Kashikishi.

Nilikisoma kitabu mara mbili. Si kitabu kitakatifu. Yule msichana nilitamani kumchapa kila baada ya kurasa kumi. Lakini shuleni kilifanya kazi. Mwalimu aligundua kwamba mjukuu wangu anaweza kushika sentensi ya Kiingereza na kuitoa kwa Kiswahili chetu bila kukwama, akawa anamsimamisha awasomee wale wanafunzi waliovuka juzi ambao Kiingereza hawajakipata. Akatoka dawati la mlangoni. Jioni alikuja na habari: nani alicheka, nani alilia akasingizia mafua. Nikaanza kuchoka na maneno yake, na uchovu huo ulinifurahisha sana.

Sasa msikilizeni shemasi. Ana binti mdogo, mdogo wake yule kijana wa Puta, naye anasoma darasa moja na mjukuu wangu. Siku moja wanakula, baba kaketi kwenye kiti chake chenye mikono, binti akauliza, kwa unyofu wake: "Tata, ule kijana wa ku kitabu alikimbia. Na yaya wetu yeye, alienda kusoma ao alikimbia?" Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa; hapa alimaanisha kaka yake. Wanasema shemasi aliweka tonge chini, akanawa mikono, akaondoka mezani. Habari hii nimeipata kwa mtu aliyekuwa analeta mkaa, na aliyekuwa analeta mkaa hana sababu ya kusema uongo.

Jioni ileile simu zetu zote zikalia. Shemasi alikuwa ametuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Sauti ndefu, ya mimbarini. Alisema shule imeleta riwaya za vijana waliopotea ili na wetu wapotee. Alisema samaki mkunje angali mbichi. Alitaka vitabu vile vifungiwe kwenye kabati ya hedimasta, asisome mtoto bila ruhusa ya mzazi, na mwishoni akasema hivi, nayakumbuka maneno yake, masomo akimaanisha shule: "Masomo ifunge mulango kwa mufano mubaya yote."

Kwanza niliudhika kwa ajili ya samaki. Nimeshika samaki miaka yote hii, mbichi na wakavu, na sijaona mtu anayemkunja. Ukimkunja mbichi utumbo unapasuka, na mteja atakuuliza huyu alikufa kwa ajali gani. Watu wasiojua samaki ndio wanaopenda methali ile.

Lakini mjukuu wangu alikuwa ameshika simu yangu. Alisikiliza sauti yote. Akarudia mwisho. Kisha akaenda kwenye kamba, akaanua sare yake ya shule, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni, akafunga fundo, akautundika msumarini.

"Nkambo," akasema, "kama ule wa ku kitabu hawezi kukaa ndani ya kabati wazi, miye nitakaa ku dawati namna gani? Bakifunga kitabu, twende wote ku samaki."

Nitasema ukweli: mgongo uliniuma siku ile, na wazo la mtu wa pili wa kubeba karai lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu kwa muda wa kumeza tonge moja la bukari, ugali wetu. Nikamtazama, nikaona uso ule wa "tulisoma" umerudi, na hasira ikanipanda hadi masikioni. Mtihani ulikuwa unakaribia. Nilijua akikaa nje muhula huo hatarudi tena, atazeeka ufukweni kama mimi, ila bila hata cheti cha kujivunia.

Msinielewe vibaya. Simo katika wale wanaosema kila kitabu kiwekwe mikononi mwa kila mtoto. Kuna vitabu nimevisoma nikavificha chini ya godoro langu mwenyewe. Serikali inafunga ziwa miezi ya mvua ili samaki wazae, na mimi ninayekosa chakula miezi hiyo nasema ni haki. Lakini wakati wa kufunga ziwa watu wanajua wanalinda nini. Shemasi alikuwa anamlinda nani? Mtoto wa gredi gani ataambukizwa mimba na karatasi? Kisa kile kilikuwa kinatembea makaoni kwa miguu yake, kinachota maji, kinasalimia watu, na yeye anataka kufungia nakala.

Basi nikatega. Niliandika kwenye kundi kwa adabu, mtu asiyenijua angedhani nimeokoka upya. Nikasema naunga mkono, watoto walindwe, ila kamati haiwezi kufunga kitu isichokijua. Wazazi wengi hawasomi Kiingereza. Kwa hiyo anayelalamika asimame mkutanoni, asome ukurasa wenye makosa, autoe kwa Kiswahili, wote tusikie, ndipo tuamue. Wote walikubali haraka, vidole gumba vikajaa. Nani asiyetaka kusikia mambo machafu kwa kibali cha kamati?

Kisha nikachukua samaki wa kukaushwa kwa moshi, wale wazuri ninaowaficha, nikaenda kumwalika mama mkwe wa shemasi.

Bibi huyu alikuwa amevuka ziwa si muda mrefu, akakaa kwa binti yake mwingine upande wa pili wa makao. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake wanaoneana haya mpaka kaburini. Hali chakula mbele yake. Jina lake halitaji. Wakikutana njiani mwanaume anaingia majanini na kugeuza uso mpaka mama apite. Neno la chumbani, au neno lolote linalokaribia chumba, likimtoka mbele ya mama mkwe ni jambo la kulipia mbuzi. Nilimwambia bibi kwamba mkwe wake atazungumza shuleni, hotuba kubwa ya kutetea watoto, itapendeza aisikie. Sikusema uongo hata chembe. Alifurahi, akaniuliza avae nini.

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi yetu, darasa lilijaa. Wanafunzi walikatazwa kuingia, wakajazana madirishani. Bibi nilimkalisha bao la mbele, benchi la kwanza, katikati, nikakaa nyuma kabisa, na mtoto mgongoni, ili nicheke vizuri.

Shemasi aliingia na kitabu kwapani, ukurasa ameweka alama kwa kikaratasi cha nyimbo. Aliona watu, akatabasamu. Akamwona mama mkwe. Mungu wangu! Alijigeuza nusu kuelekea ukutani, kama desturi inavyotaka, na hotuba yote akaitoa kwa ubavu. Aliomba sala ndefu. Alisifu serikali ya Zambia. Hedimasta, mtu mpole anayeogopa mikutano, akamkumbusha kuhusu ukurasa.

"Musichana huyu anasema," shemasi akaanza, jasho likimchuruzika shingoni, "kama kijana fulani alimuambia… nyuma ya duka… alimuambia kama bo wawili…"

"Bo wawili nini?" sauti ikauliza kutoka nyuma. Sitataja ni ya nani.

Watu wakacheka. Shemasi akakohoa, akasema koo lake lina shida, akampa kitabu mweka hazina wa kamati. Mweka hazina akaangalia ukurasa, akamwona mke wa mwanawe kakaa mlangoni, akasema amesahau miwani. Miwani ilikuwa kichwani. Akampa baba mwingine, naye akasema mama mkwe wake yupo dirishani amebeba mjukuu. Kitabu kikazunguka. Tumeoana humu makaoni mpaka tumekwisha, hakuna bao lisilo na mkwe wa mtu. Nilicheka kimyakimya mpaka mtoto mgongoni akaamka.

Ndipo bibi akainua mkono.

"Miye sijasoma," akasema, taratibu, "lakini macho niko nayo. Kitabu yenye mwanaume muzima anashindwa kusoma mbele ya mama mukwe wake, mutoto munamupa ya nini? Mufunge."

Wakapiga makofi. Wote! Shemasi akashusha pumzi, karibu amshukuru mama mkwe, akakumbuka hawezi kumtazama. Hedimasta akachukua kalamu kwa furaha ya mtu anayewahi chakula cha mchana. Na mimi nimekaa nyuma, mchimba kisima huingia mwenyewe, kisima nimekichimba kwa samaki wangu wazuri. Nilisimama niseme kitu. Makofi yakanifunika. Nikatazama dirisha alipokuwa mjukuu wangu. Hakuwepo. Nikajua amekwenda nyumbani, na ule mfuko wa nailoni hautafunguliwa tena.

Kumbe alikuwa anazunguka nyumba. Aliingia kwa mlango, akapiga goti kidogo kwa wazee, akapita katikati ya mabao, akachukua kitabu mezani.

"Wanafunzi hawaruhusiwi," hedimasta akasema, bila nguvu.

"Nimeelewa, tata hedimasta. Lakini hapa bote banashindwa kusoma juu ya kuwa bako na bakwe." Akamgeukia shemasi. Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Miye sina mukwe humu ndani. Njo vile mulisema, tata shemasi. Basi nitasoma."

Shemasi aliutazama ukuta kana kwamba umeandikwa. Bibi akainamisha kichwa upande mmoja, sikio mbele. Alikuwa mgeni makaoni, na naamini familia ile haikumwambia kitu.

Mjukuu wangu akafungua penye kikaratasi cha nyimbo, akasoma, akitoa kwa Kiswahili chetu:

"Aliniambia nyuma ya duka kama ananipenda. Nilijua ni bongo, ni uongo tu, lakini hakuna mutu aliwahi kuniambia bongo na sauti ya pole vile. Tulifanya yenye tulifanya. Kisha akasema atakuja kwetu na bazazi yake. Hakukuja. Laana iwe juu ya nyumba yabo, juu ya sufuria yabo, juu ya vitanda vyabo."

Hapo palikuwa mwisho wa uchafu wenyewe. Ndiyo yote. Niliona akina mama wawili watatu wakitazamana kwa kukata tamaa, walitegemea zaidi. Nikangoja afunge kitabu. Hakufunga. Macho yakabaki kwenye ukurasa, kidole kinatembea chini ya mistari, akaendelea:

"Kila siku ya posho nkambo wangu alikuwa anafagia kiwanja. Hakusema anangojea nani. Alifagia, akatoa viti viwili nje, akakaa pembeni akijifanya anachagua mchele. Jioni alirudisha viti ndani. Hakuniangalia, juu alifikiri sikuona. Ile laana nilisema siku moja. Sasa naikamata, naiondoa, juu mutoto wangu ni wa ile nyumba, na laana ikienda kule itamukuta naye."

Nimesema kitabu kile nilikisoma mara mbili. Hakina nkambo. Yule msichana wa migodi ana mama tu, na mama yule hajawahi kushika ufagio kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu wa Kiingereza, aliyeegemea ubao, alijua pia. Alinitazama mimi, nikatazama ndala zangu. Viti vile nilivitoa kweli. Nilivitoa Jumamosi nyingi, nikidhani nafanya kwa akili.

"Endelea," bibi akasema.

"Ukurasa umekwisha, nkambo."

"Ule mutoto wa ku kitabu, ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanaume."

"Anatembea?"

"Anashika ukuta."

Kitabuni, kwenye ukurasa ule, mtoto hajazaliwa bado. Mwalimu akafungua mdomo, nikamkazia macho, akaufunga. Ana heshima yule kijana, pamoja na viatu vyake.

Bibi akageuka kwenye bao, akanitafuta kwa macho huko nyuma, akatazama kichwa kidogo kilichochomoza begani kwangu. Alikitazama kwa muda, kile kichwa chenye paji la uso la shemasi, maana Mungu naye ana utani wake. Akageuka tena mbele, akamwambia hedimasta: "Usifunge kitu leo. Nataka kusikia mwisho wake kwanza." Hedimasta akaandika kwamba uamuzi umeahirishwa mpaka kitabu kimalizike, na mkutano ukavunjika. Shemasi alitoka akiambaa na ukuta, ili asipite mbele ya mama mkwe.

Njiani tulikwenda, mimi na mjukuu wangu, vumbi miguuni.

"Kile kitabu nilikisoma," nikamwambia.

"Najua. Kilirudi na magamba ya samaki."

"Viti uliviona wapi?"

"Nkambo, nyumba iko na dirisha."

Nililia palepale barabarani, wazi, kwa sauti. Sikuona haya. Akaniambia bantu banaangalia, nikamwambia waangalie, wamelipa nini? Akacheka, halafu akalia naye, na mtoto akaona tumeanza ibada, akajiunga.

Lakini Jumapili ilipita na mfuko wa nailoni uko palepale msumarini, na fundo lake. Sikuugusa. Nilimuuliza kwa mbali, akasema: "Hawakufunga kitabu, lakini hawakusema kifunguliwe." Alfajiri ya Jumatatu mtoto akaamka na homa ya meno, analia, hashikiki. Mitumbwi ya Chisenga ilikuwa inafika, na nilikuwa nimewaahidi watu samaki. Nikasema nitabaki. Akasema samaki wataoza, atabaki yeye, si neno, kwani ana haraka gani. Alisema kwa uso ule ule. Tukabishana mlangoni, kila mmoja anavuta mtoto upande wake, jua limeshatoka, wanafunzi wanapita na sare zao.

"Hodi."

Alikuwa bibi. Amekuja peke yake kwa miguu kutoka upande wa pili wa makao, kitenge kilekile cha mkutanoni, chupa ya uji mkononi. Hakusalimia sana. Alimtazama mtoto, akanyoosha mikono.

"Nimekuja kuchukua bwana yangu," akasema.

Bwana kwetu ni mume. Kila mwanamke wa kwetu humwita hivyo mjukuu wake wa kiume, na mtoto wa mjukuu, kwa kumtania. Lakini kwa mtoto wa watu wengine hulisemi, hata kwa mchezo. Mjukuu wangu aliachia mkono wa mtoto. Na mimi nikagomba, ndicho ninachojua.

"Yaya," nikamwambia, "huyu bwana ana muke tayari. Ni miye. Nimemubeba mwaka muzima."

"Basi tutakuwa wawili," akasema, akavua viatu, akaingia. "Lete mutoto. Mama yake anachelewa ku masomo."